Mshikamano

Neno hili nililipenda zamani.
Lilikuwa la harusi, la mabango ya kura,
la khutba ya Ijumaa: shikamaneni.
Hata daktari aliponitamkia
nilidhani ananipa habari njema.

"Utumbo wako, Bi Somoe, umeshikamana.
Kitanzi kimoja kimenata kwenye kovu la uzazi,
kingine kimejisokota juu ya mwenziwe."

Miaka tisa nyuma walinipasua, Lamu hii hii,
usiku, jenereta ikikohoa,
wakamtoa Bwanadi, rangi yake nili.
Wakashona. Nilihesabu nyuzi: kumi na moja.
Mimi mshona kofia nikazikagua,
nikasema kazi safi.
Kumbe niliyoiona ni ya juu.
Ndani, mwili ulikuwa na sindano yake,
ukipaka gundi palipochubuka, palipokauka,
palipobaki tone la damu,
ukiponya bila kuulizwa,
usijue wapi pa kukata uzi.

Maumivu yalipokuja, shangazi Mwanashee alileta sanamaki,
kisha mafuta ya nyonyo.
Ilikuwa kumkimbiza punda
kwenye kichochoro kisicho na upenyo.
Nilitapika kijani hadi alfajiri.

Hospitali: mpira puani, maji mkononi,
usile, usinywe, tembea.
Nikauliza, si unikate hizo nyuzi?
Daktari akavua miwani.
"Naweza. Lakini kila ninapokata, napanda.
Utumbo ukikosa damu nitaingia, hata usiku.
Kama sivyo, tuuache ujikumbuke."
Siku tatu nilikokota chuma cha dripu wadini.
Siku ya nne nikajamba.
Muuguzi akapiga vigelegele. Mimi nililia.

Haukupita mwaka,
Yungi, punda wa jirani yangu Lali Mbwarahaji,
alijilaza njiani na matofali mgongoni,
akageuza shingo kuutazama ubavu wake
kama anayesikia mtu akimwita humo.
Nikaujua mtazamo ule.
Yungi aliwahi kuchomwa na nondo kule Wiyoni;
jeraha lilioza, likapona, likasahauliwa.

Daktari wa mifugo alivaa glovu hadi begani,
akaingiza mkono, akafumba macho.
"Kuna kamba humu."
Akampitisha mpira puani (mpira!),
akamchoma sindano ya maumivu,
akasema atembezwe.
Tukamtembeza, mimi na Lali, usiku kucha,
tukingoja upepo wake kama walivyongoja wangu.
Kumpasua kungetaka meza, winchi, ng'ambo ya maji,
na fedha ambazo Lali hajaziota.
Na hata hivyo, alisema daktari,
wengine hupasuliwa, wakapona, wakafungika upya.

Alfajiri ya pili hakuinuka.
Walipomfungua mchangani wapate kujua,
Lali alikuja mlangoni: "Ndoo uone."
Nikaenda na kofia mkononi,
sindano ingali imechomekwa.

Nilidhani nitaona kitu kibaya.
Zilikuwa nyuzi nyeupe, laini, zinang'aa,
zimetungwa kwa subira kuliko yangu,
toka ukutani mwa tumbo hadi utumbo,
na baina yake vitobo,
vitobo kama vya kofia ya bwana harusi.
Utumbo uliobanwa tu ndio uliokuwa mweusi,
zambarau iliyoiva ikapita.
Lali alisema, "Maskini, alijiponya."
Hakuna aliyemjibu.

Siku hizi natafuna wali kama mtoto wa meno mawili.
Machungwa nakamua, kamba zake nazitema.
Nikijinyoosha kushusha kofia rafuni
kitu hunivuta kwa ndani,
kama mtoto anayevuta buibui ya mamake sokoni.

Jana Bwanadi aliweka kidole juu ya kovu.
"Nilitokea hapa?"
"Hapa."
"Mbona panavuta?"
"Hujamaliza kutoka," nikamwambia.
"Kula. Na utafune."